Mbali ya Kutosha

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya msimamizi wa mizigo boharini iko wazi! Tunaigombea wawili: mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu. Mtihani ni Ijumaa, wa fizikia. Akipita yeye, nitapokea amri za mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Heri nihame mji. Yeye anajifungia na hesabu, maskini. Mimi nitakariri maana za maneno tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimebandika maana thelathini na moja ukutani chooni. Kani ni msukumo au mvuto. Egemeo ni mahali ubao unapolalia. Mzigo ukiwa mbali zaidi na egemeo, hugeuza ubao zaidi. Mke kauliza, zaidi kiasi gani? Nikamwambia asinivuruge. Mama mkwe analalamika kwamba sitoki chooni.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Fundi mkuu alilaza ubao mrefu juu ya egemeo. Upande mmoja, mita moja kutoka katikati, kreti ya kilo themanini. Nikapewa jiwe la kilo ishirini, niliweke upande wa pili ubao usimame sawa. Nikamwaga maana zote, sikukosea hata neno! Akasema vizuri, sasa niliweke umbali gani? Nikajibu, mbali ya kutosha.

Akaniambia niweke basi. Nikaweka mwisho kabisa wa ubao, mita tano. Kreti ikanyanyuka, ikateleza, ikaangukia chupa ya chai ya fundi mkuu. Na miwani yake.

Shemeji aliandika mstari mmoja: themanini mara moja, gawanya kwa ishirini. Akaweka mita nne. Ubao ukatulia tuli. Nimelia stoo, nyuma ya magunia.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kaniagiza nifagie uwanja. Kwa adabu, akaanza na samahani. Hilo ndilo linaloniua.

Jioni alikuja nyumbani. Akasema maneno matupu hayanyanyui mzigo, bila hesabu sitaelewa kitu, na yuko tayari kunifundisha. Mke akanikazia macho. Nikakubali kwa shingo upande. Kuna mtihani mwingine Juni.

Sitaki kumsubiri. Nimebandua karatasi zote chooni, nimebandika mpya. Hesabu ni elimu ya namba. Kuzidisha ni kuongeza mara nyingi. Kugawanya ni kutoa mafungu sawa. Kufikia Ijumaa nitakuwa nimezikariri zote.