Mmeninyima Nafasi Ambayo Nimeikalia

Jackline Maduhu,
Bweni la Wanagenzi Wanawake,
Hoteli ya Mbogo Wawili,
Mikumi.

Kwa Meneja Mkuu,
Hoteli ya Mbogo Wawili,
Jengo hilohilo,
Mikumi.

Ndugu Meneja Mkuu,

YAH: KUKATALIWA MAFUNZO YENYE POSHO HUKU NIKIENDELEA KUYAPATA

Shikamoo. Natumaini hujambo, maana asubuhi nilikuletea chai na ukaimaliza. Mimi pia ni mzima, isipokuwa moyo wangu haujatulia, na sababu ni hoteli yako. Naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba, kwa kuwa nimefundishwa hapahapa kwamba neno lisilo na namba halishughulikiwi.

1. Nalalamikia tangazo lenu. Nilipomaliza kidato cha nne kule Malolo, baba yangu, mzee Maduhu, aliniambia nitafute mafunzo yenye posho. Msimu wa kupanda vitunguu ukifika sijapata, alisema, nitakwenda Lumuma kwa shangazi Fabiola kushika jembe. Sina ugomvi na vitunguu, ila kitunguu hakitoi cheti. Ndipo tangazo lenu likaingia kwenye simu ya baba: "Nafasi za uanagenzi kwa vijana waliomaliza shule na ambao hawajawahi kufanya kazi popote. Mwombaji awe na uzoefu." Nikapiga namba iliyokuwa chini ya tangazo ili niulize uzoefu huo unapatikana wapi. Sauti ya upole ikanijibu, "Dada, uzoefu ni uzoefu," halafu simu ikakatwa.

2. Kwa ajili yenu nilisafiri hadi Kilosa mjini, kwa kaka Abubakari anayechapa barua na CV karibu na soko. Aliniuliza nimewahi kufanya kazi gani. Nikamwambia sijafanya. "Hata nyumbani?" Nikasema nyumbani nachunga ng'ombe, namwagilia vitunguu, na kwenye misiba huwa napika. Akachapa: "Msimamizi wa usafirishaji wa mifugo, mtaalamu wa umwagiliaji na mpishi wa shughuli za kiserikali." Nikamwambia, "Kaka, msiba wa jirani yetu haukuwa shughuli ya serikali." Akaniuliza, "Mwenyekiti wa kijiji hakuja kula?" Alikuja. "Basi." Lalamiko langu hapa ni kwamba mtu alihangaika kutunga sifa zote hizo na nyie hamkuzisoma.

3. Namlalamikia mlinzi wenu wa getini, mzee Goodluck, ingawa ni mtu mwema. Niliamua kuleta maombi yangu kwa mkono. Nilivaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe, zote za kuazima, bila kujua kwamba ndizo sare zenu. Mzee Goodluck aliponiona akafungua geti kwa kasi. "We binti, mbona umechelewa? Wenzako wako ndani!" Nikamwambia, "Shikamoo. Mimi nimeleta maombi." Akajibu, "Marahaba. Maombi utasali jioni. Sasa hivi kuna kazi." Bahasha yangu akaitia kwenye sanduku la barua la getini.

4. Huko ndani Bi Loveth, msimamizi wa wanagenzi, hakunipa nafasi hata ya kukohoa. Alinitwisha sinia la juisi na kusema, "Wageni wamefika na wewe unazubaa." Kwetu mtu mzima akikukabidhi kitu huanzi kumhoji. Nikagawa juisi. Nilipomaliza juisi nikapewa mashuka, na nilipomaliza mashuka nikapewa kitanda cha kulala, chandarua na ratiba ya kesho. Kila nilipofungua mdomo kueleza mimi ni nani, Bi Loveth aliniambia, "Tabasamu kwanza, maelezo baadaye." Baadaye hiyo haijafika hadi leo, Ndugu Meneja, na mashavu yananiuma.

5. Hili linahusiana na lile la nne ila nimelitenga ili yasigombane. Bi Loveth alipopeleka majina kwa mhasibu aliandika, "Happiness, Agatha, Sikuzani na mwingine." Mhasibu akachapa: "Happiness, Agatha, Sikuzani, Namwingine." Alidhani ni jina la Kisukuma. Nilipokwenda kumweleza, aliniambia nisilionee haya jina la ukoo wangu. Tangu hapo napokea posho kama Namwingine. Nimeandikiwa Namwingine kifuani. Mgeni mmoja aliniuliza maana yake, nikamwambia ni mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kwisha kuhesabiwa. Akaguswa sana na kupiga picha.

6. Hili ndilo linalonifanya nisilale. Wiki mbili zilizopita nilihamishiwa ofisini kujifunza kazi za karatasi. Kazi ya kwanza ilikuwa kutia kwenye bahasha barua za waombaji waliokataliwa. Naomba uniamini, nilikuwa naifanya kwa bidii na hata niliwaonea huruma hao wenzangu, mpaka nilipofika kwenye barua ya Jackline Maduhu. Sababu iliyoandikwa: "Hujawahi kufanya kazi katika hoteli yetu." Nilikuwa nimeanza kuipenda kazi hii, Ndugu Meneja. Najua kutandika kitanda kikakaa kama hakijawahi kulaliwa. Nilikwenda kwa Bi Loveth nikamwonyesha. "Mama, huyu aliyekataliwa ni mimi." Akaisoma, akanishika bega. "Pole sana, mwanangu. Usilie kwa sauti, wageni wanakula. Sasa ifunge vizuri uandike anwani." Nikaifunga. Mwandiko wa kwenye bahasha ni wangu, na bado naona uliumbika vizuri.

7. Barua ilifika Malolo, na baba yangu huamini kitu chochote chenye mhuri. Alinipigia simu. "Jackline, umekataliwa. Rudi nyumbani." Nikamwambia siwezi, nipo kazini. "Kazini wapi?" Hapohapo waliponikataa. Akasema, "Mwanangu, hao watu wamekuandikia kwa adabu kabisa. Kwa nini unawang'ang'ania?" Akamtuma shangazi Fabiola aje kunichukua. Shangazi alifika amejifunga kitenge cha bluu. Mzee Goodluck akamfungulia geti. Bi Loveth akampa kisu na gunia la vitunguu. Sasa shangazi, mwanamke mwenye wajukuu, ni mwanagenzi wa jikoni, na anasema hajawahi kukata kitunguu kwa raha namna hii bila kwanza kukilima. Nilipomkumbusha kilichomleta alinijibu, "Nitakuchukua nikihitimu."

Kwa hiyo shamba la Lumuma limebaki bila mtu, na baba amesema anakuja mwenyewe Ijumaa kutuchukua wote wawili. Ndugu Meneja, shati zuri la baba yangu ni la bluu. Naomba jambo hili ulimalize kabla ya Ijumaa.

Nayaomba mambo mawili, uchague moja. Ama umpokee Jackline Maduhu rasmi, ili aweze kuanza kazi anayoifanya. Ama umfukuze Namwingine kwa barua yenye mhuri, ikieleza wazi kwamba alikuwa anafanya kazi hapa. Nikishafukuzwa nitakuwa na uzoefu, na nikiwa na uzoefu mtanipokea. Mtu asiyewahi kufukuzwa atathibitishaje kwamba aliwahi kuwepo?

Wasalimie mama na watoto, wapishi wa zamu ya usiku, mhasibu, na yule mwenye sauti ya upole kwenye simu. Shangazi Fabiola anakusalimu kutoka jikoni na kuuliza kama leo utakula nyama au samaki.

Ni mimi mwombaji mliyemkataa na mnayemtegemea,

Jackline Maduhu.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga barua hii Bi Loveth alipoingia kuniambia kwamba kuanzia leo nimepewa Dawati la Malalamiko, kwa kuwa aliyekuwepo alilalamika akahamishwa. Nina kiti kinachozunguka na mhuri wangu mwenyewe. Nimeanza na mgeni anayelalamika kwamba tembo walimpa mgongo muda wote, nikamwandikia pole. La pili mezani lilikuwa hili la binti wa Malolo. Nimelisoma kwa makini, Ndugu Meneja, na sikuona haja ya kukusumbua nalo. Mlalamikaji ana maneno mengi, anawasema vibaya watu wazima, na kwa maelezo yake mwenyewe analishwa, analazwa na kulipwa. Nimeyakataa malalamiko yake yote saba na kugonga mhuri. Anashauriwa kuandika tena atakapokuwa na uzoefu wa kutosha wa kulalamika.