Mshauri wa Yoakimu

Jumapili, 1 Juni
Baada ya sala ya jumuiya, sisi wanawake tulikuwa tunamenya viazi. Jirani yangu Letisia katuambia mumewe humwuliza, kitandani, kama naye amefurahi. Anamwuliza! Tulicheka mpaka mwenzetu Getruda akajikata kidole. Nimerudi nyumbani sicheki tena. Miaka kumi na moja ya ndoa, Yoakimu wangu hajaniuliza hata kama nasikia baridi. Na hapa kwetu Mogitu baridi ipo!

Jumatatu, 2 Juni
Shangazi alinifundisha kabla ya harusi: mke mwenye adabu hasemi anachopenda. Nimepukuchua mahindi nikiwaza. Je, anaweza kuandika? Shangazi hakukataza! Ninayo laini ya zamani, Yoakimu haijui. Nimemtumia meseji: "Mume mwema hana haraka. Aanze na mgongo wa mkewe. Ni mimi, Mshauri wa Ndoa."

Jumanne, 3 Juni
Kaisoma mara nne. Kasema ni matapeli. Kafuta! Letisia kapita barabarani anang'aa kama kapakwa mafuta. Nimetuma tena.

Jumatano, 4 Juni
Jana usiku kanikanda mgongo! Polepole. Nikaguna, bahati mbaya tu. Akaacha, akauliza kama ameniumiza. Nikasema hapana, upesi kuliko adabu inavyoruhusu. Akaendelea. Sikujua mgongo wangu una mambo mengi hivyo. Yaliyofuata siandiki, ila hakuna aliyekuwa na haraka. Tukacheka, wote wawili! Hatukuwahi kucheka mle chumbani. Asubuhi nimeunguza uji.

Ijumaa, 6 Juni
Balaa. Yoakimu sasa anamwandikia Mshauri kila akienda kwa ng'ombe. Maswali mengine nimeona aibu kuyasoma. Nimeyasoma mara mbili. Mimi hunipa maneno matatu kwa siku, Mshauri anapata barua nzima! Nimemwonea wivu huyo mwanamke.
Leo jioni kaandika: "Mshauri, nampenda mke wangu. Natamani aniambie mwenyewe anachopenda. Naogopa kumwuliza. Baba alisema mume haulizi, akiuliza ataonekana hajui."
Nimelia juu ya ungo wa maharage. Kumbe na yeye alifundishwa!

Jumapili, 8 Juni
Tumetoka misani, kaniketisha juu ya gunia. Jasho linamtoka.
"Mama Monica," kasema, "naomba uniambie wewe mwenyewe. Unapenda nini?"
Kauliza! Mume wa Letisia huuliza baada, wangu kauliza kabla! Nimemshinda Letisia! Majibu nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikamwomba anisubiri kidogo.
Nimekimbilia nyuma ya nyumba, nikaandika: "Ndugu Yoakimu, mkeo anapenda haya yafuatayo." Meseji ndefu, sikuficha kitu. Nikatuma. Nikarudi nikakaa kwa adabu, nikamwambia aangalie simu yake, huenda Mshauri amejibu.
Simu ikalia palepale. Kaisoma. Kanitazama. Katazama simu iliyo mkononi mwangu. Kanitazama tena, anatabasamu.
Sijui kinachomfurahisha ni nini. Kesho nitamwuliza kwa meseji.