Nani Awe Apolo

Jumatatu, 4 Julai 2011

Sufi imekwisha! Thérèse, mke wangu, amebakiza anga, nguo na nyuso tu kwenye zulia lake la ukutani. Mwezi ujao linatundikwa kwenye maonyesho hapa Doornfontein, Johannesburg. Miaka sita anafuma katika karakana ile ya baridi, na ndiyo mara ya kwanza kupewa ukuta.

Nimefungua kitabu chake cha picha. Mazulia ya Ulaya ya miaka mia tano iliyopita! Matajiri walitoa sufi na hariri, wafumaji wakaipa miungu ya Wagiriki sura za matajiri hao. Nikaruka. Hii si libanga? Kwetu Kongo mwanamuziki humtaja tajiri katikati ya wimbo, tajiri akamtunza. Wazungu walituiga! Thérèse akasema niache. Sijaacha.

Jumatano, 6 Julai

Mfadhili amepatikana! Parfait, kinyozi wa mtaa wa La Rochelle hapa mjini. Hujitazama hata kwenye vioo vya magari yaliyosimama robot, kwenye taa za barabarani. Nikamweleza: zulia ni mashindano ya muziki. Apolo, mungu mzuri kuliko wote, anashindana na Pani mwenye miguu ya mbuzi. Nikamwahidi uso wa Apolo. Akasema sharp, sawa, atanunua sufi yote ya buluu.

Jumamosi, 16 Julai

Sufi nyekundu bado. Nikaenda kwa Fiacre, Mrundi muuza nyama. Nilikusudia kumpa Pani. Kweli nilikusudia! Lakini alikuwa na kisu mkononi, na miguu ya mbuzi ikanikwama kooni. Nikasema Apolo. Akaahidi kununua nyekundu yote, akafurahi hadi kunifungia maini.

Thérèse nimemwambia Fiacre amekubali kuwa Pani. Maini yalikuwa matamu sana.

Ijumaa, 5 Agosti

Eish! Fiacre amekwenda kunyolewa kwa Parfait. Kwa nini leo? Kila mmoja akajisifu kuwa yeye ndiye Apolo, na mmoja ameshika wembe. Wakaja karakana wote wawili, Fiacre kanyolewa upande mmoja. Parfait akadai buluu yake. Anga lote ni buluu yake! Fiacre akadai nyekundu. Watu wote wa zulia watabaki uchi!

Thérèse akawaambia waje kesho kwenye maonyesho. Asiyeridhika atampa mkasi, afumue mwenyewe. Nyumbani nikaomba msamaha. Akasema nimenye viazi. Nimemenya vyote. Kazi ya mikono yake, nami nimeigawa mara mbili.

Jumamosi, 6 Agosti

Ukumbi umejaa. Parfait kajiona Apolo, nywele hata moja haijakaa vibaya, akatokwa na machozi. Fiacre kamkuta Pani ana uso wake. Akayatazama yale mapaja ya mbuzi. Thérèse kashika mkasi. Mimi nimejificha nyuma ya mama mmoja mnene.

Fiacre akageuka, akawauliza watu kama wamewahi kuona paja la mbuzi zuri hivi Johannesburg nzima. Kisha akawaelekeza duka lake lilipo! Anataka picha aitundike juu ya mizani.

Watu walisimama mbele ya zulia lile muda mrefu. Nililia bila aibu. Ni mke wangu huyo!

Ndipo nikaona katikati kuna mfalme. Taji la dhahabu, uso wangu mimi! Na masikio ya punda. Yule mama mnene akanieleza: huyo ni Midasi, aliyeamua mashindano kipumbavu, Apolo akamwadhibu kwa masikio hayo. Thérèse alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumapili, 7 Agosti

Nimefikiri. Mfalme ni mfalme. Masikio makubwa ni ya mtu msikivu, na hakuna mwanamke anayemfumia taji mume asiyempenda.

Zulia lijalo ni la Zeu, mkuu wa miungu yote. Baada ya ibada nimemwahidi mchungaji uso huo. Nimemwambia Zeu ni mzee wa heshima tu. Kiongozi wa kwaya alikuwa amesimama pembeni, akaonekana mnyonge. Nikamwahidi naye. Zeu ana ndevu nyingi, zitawatosha wote wawili.