Mgongo Wangu Si Mali ya Kijiji

Zefania Kitundu,
Nyumba Kumi Namba 4,
Kijiji cha Ujamaa Tupendane,
Iramba.

Jumatatu, 8 Machi 1976

Kwa Ndugu Naftali Mkumbo,
Mwenyekiti wa Kijiji.

YAH: KURUDISHIWA PICHA YA MGONGO WANGU

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu za chama, na za nyumbani pia. Wewe ni kaka wa mke wangu Dorika, na siku nyingine ningekuja tu jikoni kwako nikakulalamikia huku ugali unaiva. Lakini kila nikija kama shemeji unanikaribisha, unanicheka, halafu narudi kwangu nimeshiba na picha sina. Kwa hiyo leo nakuja kama mwananchi. Nimenunua na karatasi.

Kwanza nieleze jambo lenyewe toka mwanzo, maana Katibu wako anasema barua zangu zinaingia katikati kama mbuzi kanisani.

Mwaka jana mwezi wa nne nilipasuliwa hospitali ya misheni, wakanitoa figo moja iliyokuwa na kansa. Hilo mnalijua, mlikuja kunipa pole mkala kuku wangu sita. Wananchi wote wa kijiji hiki wana figo mbili mbili, mimi ninayo moja, na sijawahi kusimama mkutanoni kuuliza usawa umepitia njia gani. Mwezi wa kumi mgongo ukaanza kuuma, huku chini, kama kuna mtu ndani anasaga mtama. Mimi nikasema ni baiskeli, kwa sababu huu mwaka wa kumi na mbili nabeba matenga ya kuku kupeleka mnadani Iguguno. Daktari hakusema ni baiskeli. Alinipiga picha ya eksirei, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaniambia kwenye pingili ya tatu kutoka chini kuna doa. "Zefania," akasema, "doa hili linaweza kuwa la uzee, linaweza kuwa la ile kansa. Kwa picha moja sijui. Rudi mwezi wa tatu na picha hii hii, nikupige nyingine nizilinganishe." Wao hawana kabati, kila mgonjwa anatunza picha yake nyumbani.

Siku yangu ni Alhamisi hii, tarehe kumi na moja. Basi linapita Jumatano asubuhi. Na picha, Ndugu Mwenyekiti, iko dirishani ofisini kwako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha ile ilikuja ofisini kwa siku moja tu. Nilikuwa na barua ya daktari ya kusema nipewe kazi nyepesi. Kamati ikakaa kutwa kujadili kazi nyepesi ni ipi. Mkaleta jembe jipya la kijiji, mkalipitisha mkono kwa mkono, kila mjumbe akalipima, mkaamua kwa kauli moja kwamba jembe lile ni jepesi, kwa hiyo kulima ni kazi nyepesi. Ndipo nikaleta picha. Balozi wangu wa nyumba kumi, Ndugu Magdalena, akaiinua juani akaigeuza na kuigeuza. "Mimi naona mifupa. Maumivu yako wapi?" Nikamwambia maumivu hayapigwi picha. Akasema, "Basi hayapo." Mkaandika kwenye daftari kwamba picha ibaki ofisini iwe ushahidi kuwa siumwi. Nimeishi miaka arobaini na nne, sijaona mgongo unaitwa kutoa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

2. Mzee Mughwai. Huyu namheshimu, shikamoo yake naitoa hata akiwa ng'ambo ya korongo. Alipohamishiwa hapa wakati wa Operesheni Vijiji alitoka kwao Unyaturu na kazi yake, kusoma matumbo ya mbuzi. Mbuzi anachinjwa, utumbo unatandazwa, mzee anaona njia, mito, makaburi na mvua. Hapa kwetu mbuzi hachinjwi bila kibali cha kamati, kwa hiyo mzee amekaa miaka miwili hana cha kusoma, na macho yanamwasha. Siku mlipoitundika picha anapita dirishani, anakuta mgongo wangu umening'inia na jua limeupiga kwa nyuma. Akasimama. Akauliza, "Mbuzi huyu wa nani?" Mkamwambia, "Mzee, huyu ni Zefania." Akasema, "Si kitu. Anasomeka."

Akasoma. Uti wa mgongo ni mto, mbavu ni vijito, na lile doa langu, Ndugu Mwenyekiti, ni kisima. Akasema mvua yenyewe ni baada ya Krismasi, msipande kabla. Mkangoja. Wenzetu wote wa bondeni wakapanda na manyunyu ya mwanzo, mbegu zikaungua. Mvua ikaja tarehe ishirini na saba Desemba, siku ya pili baada ya Krismasi, ikanyesha mpaka vyura wakahamia kwenye bohari. Watu mkanibeba juu juu. Nilipiga kelele mkadhani nashangilia, kumbe mmenishika hapo hapo penye pingili ya tatu. Mzee angekosea tu siku ile, mwaka mpya ungenikuta na picha yangu kwangu.

3. Toka siku hiyo mgongo wangu una kazi nyingi kuliko mimi. Wamekuja wajumbe kutoka upande wa Kinampanda, wamejaa kwenye tela la trekta, wakapanga foleni dirishani. Hakuna aliyenisalimia. Mmoja alinitazama akasema, "Kumbe kwa nje yuko hivi." Watu wanaulizia mbuzi waliopotea, safari, uchumba. Baba yake Luciana alimkatalia Chrispin binti yake eti ubavu wangu wa saba umeinama upande wa kwao Chrispin. Sasa Chrispin haniitikii salamu, na ndiye mgambo, ana filimbi na rungu. Mimi ubavu wangu sikuutuma popote. Hata salamu zimeharibika. Mtu ananiuliza, "Mgongo unasemaje?" Namjibu, "Unauma." Ananiambia, "Siulizi huo, nauliza wa dirishani."

4. Jua la mwezi wa pili lilipochoma wiki tatu, niliitwa mbele ya kamati nijieleze. Mvua isiponyesha naitwa mimi! Mzee Mughwai akasema yeye hakukosea, ila mila ni kwamba mbuzi akishasomwa hasogezwi mpaka neno litimie, na huyu mbuzi wenu anatembea, anainama, anapanda baiskeli, mito yote inahama. Mkapitisha azimio: Zefania asiiname mpaka mavuno. Sawa, nikafurahi, nikajua nimeponea jembe. Kesho yake nakuta jina langu bado liko kwenye orodha ya shamba la ujamaa, kwa sababu lile azimio la kwanza la kwamba siumwi halijafutwa, na Katibu anasema azimio haliui azimio.

Kwa hiyo nalima nimesimama wima. Mmenifungia jembe kwenye mti mrefu kuliko nyumba yangu. Nikiliinua, ndege wanaondoka. Nikilishusha, linafukua tuta la Mama Dina aliye mstari wa tatu mbele. Nikiinama kidogo, Chrispin anapiga filimbi, na anaipiga kwa uchungu wa mchumba. Nikisimama kupumzika, Magdalena anaita, "Mvivu huyo!" Nyumbani Dorika ndiye ananifunga kamba za viatu. Na mbaya zaidi ni kuku. Kuku wamekwishajua kwamba mtu huyu hainami. Wanapita katikati ya miguu yangu polepole, wananitazama usoni. Mfanyabiashara wa kuku asiyeweza kuokota kuku, shemeji, huyo ni mtu wa kuimbiwa.

5. Muhuri. Nasikia Katibu aliogopa kijiji jirani wasije wakatuibia mvua, akapiga muhuri juu ya picha. Angepiga pembeni ningevumilia. Amepiga kwenye nyonga, kisha akaona haukutoka vizuri akapiga tena katikati ya uti. Sasa nina duara la bluu mgongoni limeandikwa KIJIJI CHA UJAMAA TUPENDANE. Daktari atashika picha ya zamani, ataona duara. Atashika mpya, hataona duara. Ataandika kwamba nilikuwa na ugonjwa wa bluu na umepona, anirudishe nyumbani na vidonge vya minyoo. Tena kuna alama ya kidole chenye mafuta kwenye mbavu za kushoto. Simtaji mtu, ila wanaokula maandazi ofisini ni wawili, na mmoja wao nimemwandikia barua hii.

6. Hili la sita ni fupi. Watu wakija dirishani wote wanaweka kidole kwenye kile kisima. Wanasema kizuri, kipana, kitatulisha. Kijiji kizima kinalifurahia lile doa. Ni mimi peke yangu nisiyelifurahia.

Kwa hiyo naomba:

(a) Picha irudishwe kwangu kabla ya basi la Jumatano, ifungwe kwenye khanga safi, isikunjwe. Mara ya mwisho niliona mnataka kuikunja iingie kwenye faili. Mgongo wangu mwenyewe haukunjiki, sembuse picha yake.

(b) Kamati iketi na maazimio yake mawili iyapatanishe. Kama siumwi, niache niiname. Kama siruhusiwi kuinama, niache nikae. Mtu mmoja hawezi kuwa mzima wa kulima na mbuzi wa kusomwa kwa siku moja.

(c) Kijiji kitafute mgongo mwingine. Ujamaa ni kupokezana. Mimi nimetoa wangu msimu mzima na mahindi yanaonekana. Nashauri safari hii apelekwe Mwenyekiti mwenyewe akapigwe picha. Mgongo wako ni mpana, shemeji, kuanzia bega mpaka bega ni ekari nzima. Kama wangu huu wa mtu wa figo moja umeleta mvua ya kutosha mahindi, wako si tutalima mpunga? Mzee Mughwai nimemuuliza, akasema atahitaji madirisha mawili.

Nisipopata jibu nitapanda mpaka kwa Katibu Kata, na nisipolipata huko nitaendelea juu, wima hivi hivi, sitainamia mtu, kwa kuwa mmenikataza wenyewe.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, pamoja na Magdalena na sauti yake. Msalimie Mzee Mughwai, mwambie shikamoo, na kwamba sina kinyongo, ila aache kuniita mbuzi mbele ya watoto. Chrispin umwambie wanawake wako wengi, mbavu zangu zisimkatishe tamaa. Msalimie mkeo, wifi yake Dorika, ugali wake wa juzi ulikuwa mzuri. Wazima wasalimieni wagonjwa. Huku kwangu wote tuko salama, mpaka kuku.

Ni mimi mwananchi wako mwenye figo moja na malalamiko sita,

Zefania Kitundu

Nimesahau: Ndugu Mwenyekiti, baada ya kuandika yote hayo nimekaa nikafikiri tena. Basi ni Jumatano. Ningeomba picha uirudishe Ijumaa. Ukiirudisha Ijumaa mimi nitakuja ofisini nipige kelele sana mbele za watu, nikutukane kidogo, usijali, ndivyo tutakavyofanya. Maana bila picha ile daktari hawezi kulinganisha, na asipolinganisha hawezi kuniambia kitu. Hivi sasa ni doa tu. Nimekwishalizoea. Nikienda Alhamisi nitatoka mle ndani nikiwa najua, na mtu akishajua hawezi tena kutokujua. Kulima wima nimeweza, na filimbi ya Chrispin nimeizoea. Hilo la kujua, shemeji, bado sijaliweza.

Anayekuletea barua ni Dorika mwenyewe, hakutaka nimpe mtu mwingine. Elimu ya watu wazima ameanza mwezi wa kumi na mbili na bado wako kwenye silabi, ba be bi bo bu, kwa hiyo hana shida. Wewe msomee juu, mpaka kwenye jina langu, hapa chini ruka. Mwambie ofisi imefungwa, ufunguo umekwenda wilayani. Z.K.

KAKA. SILABI TULIMALIZA JANUARI. NIMESOMA YOTE NJIANI NIMEKAA CHINI YA UZIO WA MAMA DINA. USITAFUTE UFUNGUO MLANGO NAUONA UKO WAZI. NIPE PICHA. JUMATANO NAPANDA BASI NAYE MIMI MWENYEWE NA KWA DAKTARI NAINGIA NAYE. AKIAMBIWA TUTAKUWA TUMEAMBIWA WAWILI. DORIKA