Michezo Minne kwa Ploti Moja

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimetoka Thika kwa Ajit, aliyekuwa mkubwa wangu kiwandani kabla sijastaafu. Siku hizi ni rafiki. Yeye na mkewe Madhuri wamejenga uwanja wa pikoboli nyuma ya nyumba. Pikoboli! Mpira wa plastiki wenye matundu, kibao cha mkono, wavu wa kimo cha kiuno. Mchezo mtamu. Nilikuwa nafurahia sambusa zangu hadi nikamwona anayecheza. Muriithi! Jirani yangu wa Membley, tunayepakana ukuta, mwenyekiti wa kamati ya barabara yetu. Kaptura nyeupe. Soksi nyeupe. Watu wanampigia makofi. Nilipoomba kujaribu, akasema mbele ya wote kwamba kwa umri wangu ni vizuri kuchunga magoti. Tulizaliwa mwaka mmoja!

Nimeamua nikiwa njiani, kabla hata ya kufika Witeithie. Nitajenga wangu. Na si wa pikoboli pekee: badminton, voliboli na mpira wa kikapu pia. Michezo minne! Muriithi atakuja kuomba nafasi. Nitafungua daftari polepole, nitakohoa, nitamwambia Jumamosi imejaa.

Jumapili, 3 Agosti

Nimepima nyuma ya nyumba baada ya kanisa. Uwanja wa pikoboli unataka urefu wa futi arobaini na nne. Ninazo arobaini na sita! Mungu yu upande wangu. Shida ni moja, tena ndogo: sukuma wiki za mke wangu, Mwongeli, ziko katikati kabisa. Nimemweleza kwamba zitahamishwa kwa muda. Akauliza zitahamishwa wapi. Nikasema pahali pazuri. Akaniangalia, akaniangalia tena, akaendelea kusonga ugali. Nimechukulia hiyo ni ndiyo.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Oluoch amekuja. Mtu wa maneno machache, na yote yanaudhi. Ametembea kutoka ukuta hadi ukuta, kisha akauliza mchezaji atasimama wapi. Nikamwambia uwanjani, kwani wapi kwingine? Akasema kwa anavyojua yeye, anayeanzisha mpira husimama nyuma ya mstari, na nyuma ya mstari huu kuna futi moja, halafu ukuta. Nikamjibu kwamba mchezaji mzuri hukimbia mbele, harudi nyuma.

Halafu akataka kuweka mteremko kidogo ili maji yatoke. Mteremko! Nimemwambia uwanja unatakiwa kuwa sawa kama meza. Akasema, "Sawa, mzee." Sikuipenda sauti yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwongeli alishinda Makongeni kwa dadake. Siku yangu! Kufikia saa saba sukuma zote zilikuwa kwa magunia, mbele ya nyumba, zimepangwa kama askari. Nne zilivunjika. Labda tisa. Nikang'oa na nguzo za kamba ya kuanikia nguo.

Mwongeli alirudi saa kumi. Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliniogopesha. Chakula cha jioni kilikuwa ugali. Nikangoja. Nikauliza mboga iko wapi. Akasema, "Iko kwa gunia, Baba Mumo. Si ulihamisha?"

Nimekula ugali na chumvi. Wajenzi wakubwa wote waliteseka.

Jumamosi, 9 Agosti

Zege limemwagwa! Mashine ilinguruma tangu asubuhi, barabara nzima ikajua. Muriithi akapanda ngazi, akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama nimeanza kufuga ng'ombe. Nikamwambia, kwa upole, ni uwanja wa michezo minne. Akanyamaza. Woi, raha gani hiyo! Nimekaa kwa huo ukimya wake kama mtu anayeota jua.

Kisha akauliza, naye kwa upole, kama nina kibali cha kamati. Kinahitaji sahihi za majirani wawili wanaopakana nami. Mmoja ni Mwalimu Njambi, mkuu wa shule mstaafu. Wa pili ni yeye.

Jumatatu, 11 Agosti

Kwa Mwalimu Njambi ilikuwa rahisi. Nilimwambia uwanja ni wa mazoezi ya viungo kwa akina mama watu wazima. Uongo mdogo, wa kujenga. Akafurahi sana, akaniita kijana, akatia sahihi, akauliza darasa linaanza lini. Nikasema hivi karibuni. Kijana! Huyo mama anaona vizuri.

Kwa Muriithi nilienda na mpango. Nilijua hatatia sahihi bure. Nikamwekea karatasi niliyoandika mwenyewe: mshindi wa mchezo wa kwanza katika uwanja huu ndiye mwenye uwanja kila Jumamosi, milele. Akasoma mara mbili, akacheka, akatia sahihi karatasi zote mbili, hiyo na ya kibali. Amenaswa! Tunacheza Jumamosi hii, kwa hivyo ana siku tano tu za kujiandaa. Mimi pia, lakini mimi nina uwanja.

Jumatano, 13 Agosti

Rangi. Oluoch alinishauri nimwite fundi wa rangi. Kwa nini, na mikono ninayo? Nilianza na kijani ya sakafu yote. Nikaanzia pembeni, nikazunguka, nikazunguka, nikajikuta katikati. Kwenye kisiwa. Nimezungukwa na rangi mbichi pande zote. Na baridi hii ya Agosti, rangi haikauki!

Nimesimama pale kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili. Mwongeli alinitazama kupitia dirisha la jikoni. Baadaye akaniletea sweta kwenye ncha ya ufagio mrefu. Alikuwa anacheka. Ni mara ya kwanza wiki hii. Nikaona afadhali.

Ijumaa, 15 Agosti

Mistari imekamilika: nyeupe ya pikoboli, manjano ya badminton, buluu ya voliboli, nyekundu ya kikapu. Nyeupe ilikwisha katikati nikamalizia na manjano. Ukitazama sana kichwa kinauma. Kikapu nimekifunga kwa mnara wa tangi la maji. Nje kunanyesha. Kesho ndiyo siku.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Asubuhi uwanja ulikuwa bwawa. Ulikuwa sawa kama meza, na maji yalikaa juu yake kama wageni wa harusi. Tulisukuma maji mimi na Oluoch, aliyekuja kutazama mchezo. Kila ndoo aliyojaza alinionyesha kwanza. Afadhali angenitukana.

Ajit na Madhuri walifika kutoka Thika. Mwalimu Njambi akafika na akina mama saba, wote na viatu vya mazoezi, wakauliza mwalimu wa viungo ni nani. Nikasema watazame kwanza.

Wa kwanza kufikisha pointi kumi na moja ndiye mshindi. Muriithi akaanzisha. Nikarudi nyuma kuupokea mpira. Ukuta! Kiwiko. Mpira wa pili, nikarudi tena. Ukuta! Kisogo. Kufikia pointi tisa zake kwa mbili zangu, kila kiungo changu kilikuwa kimesalimiana na ule ukuta. Halafu nikaupiga mpira juu sana, Muriithi akarudi nyuma mbio, na upande wake pia kuna ukuta. Akaugonga, akakaa chini, kwenye kidimbwi tulichosahau. Kaptura nyeupe! Nilicheka hadi nikateleza, nikaanguka. Kifundo cha mguu kikavimba hapo hapo.

Ningeshindwa kwa kutoweza kusimama. Ndipo Mwongeli akatoka jikoni, akavua leso, akachukua kibao mkononi mwangu, akamwambia Muriithi amalizie na yeye, tisa kwa mbili vivyo hivyo.

Hakukimbia. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Alisimama karibu na wavu, akawa anauangusha mpira upande wa pili taratibu, kama mtu anayetia chumvi kwa sufuria. Tatu. Sita. Tisa. Akina mama wanapiga vigelegele. Muriithi anahema. Kumi na moja kwa tisa. Mwongeli!

Nilimwuliza alijifunza wapi. Akasema alichezea shule badminton miaka minne, hadi mashindano ya mkoa. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na sikujua. Nikamwuliza mbona hakuniambia. "Hukuwahi kuuliza," akasema, akanifunga barafu mguuni. Nilijisikia vibaya kidogo. Nilijisikia na fahari pia, nyingi zaidi.

Kisha Muriithi akatoa ile karatasi mfukoni, ikiwa imelowa, akaisoma kwa sauti. Mshindi ndiye mwenye uwanja kila Jumamosi. Milele. Akampa Mwongeli mkono. Mwongeli papo hapo akawapa akina mama wa Mwalimu Njambi zamu. Nikauliza kama ninaweza kupata nafasi. Akasema Jumamosi imejaa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimelala kitandani, mguu juu ya mto. Muriithi alipita kunijulia hali, naye anachechemea. Tukanywa chai. Kumbe si mtu mbaya.

Kwa jumla, ushindi mkubwa. Muriithi alishindwa, kwenye ploti yangu, mbele ya mashahidi.

Madhuri amepiga simu kuuliza kifundo kinaendeleaje. Anasema dawa yake ni sauna, chumba kidogo cha mbao chenye mvuke wa moto, unakaa ndani na maumivu yanayeyuka. Muriithi hana sauna. Barabara yetu yote hakuna sauna! Nimechora moja hapa ubavuni mwa shajara. Inatoshea vizuri kati ya chumba chetu cha kulala na jikoni. Jiko la kuni ndani, mbao pande zote. Mwongeli nitamwambia ikishasimama. Na moshi haunipi wasiwasi hata kidogo. Moshi hupanda juu. Hauna sababu yoyote ya kuingia nyumbani kwa mtu.