Kreatini na Maji ya Ganze

Jumatatu, 3 Februari

Nimepata njia! Kahaso ameniambia baba yake, Mzee Gona, ananitaka kwao Ganze Jumamosi. Anataka kumwona anayemposa bintiye kabla ya kutoa jibu. Akaongeza kwamba jirani yao Dena naye ameanza maneno ya kuoa, na kwamba hupakia magunia ya makaa peke yake. Mimi nauza vifuniko vya simu hapa Shella. Mikono yangu naijua mwenyewe.

Basi nikaenda kwa Hamad mwenye jimu, akaniuzia kopo la kreatini, unga wa kukuza misuli. Kasema kijiko kimoja kidogo kwa siku, maji mengi, na kunyanyua vyuma wiki kadhaa. Maji, sawa. Vyuma, tutaona.

Jumanne, 4 Februari

Vijiko vitano. Hicho kimoja cha Hamad ni ujanja wa kunifunga jimuni mpaka uzee.

Mama alinikuta na unga mweupe, akapiga yowe kwamba Kazungu wake keshaharibika kama vijana wa mjini. Ili kumtuliza nikalamba kijiko mbele yake. Akalia zaidi. Tumbo linanguruma. Dalili njema.

Alhamisi, 6 Februari

Kilo mbili zimeongezeka! Mizani ya duka la dawa haina sababu ya kunipendelea. Hamad kasema ni maji tu yamejaa mwilini. Akanipima mkono kwa kamba, akadai uko vile vile. Wivu. Na kamba yenyewe imelegea.

Jumamosi, 8 Februari

Ganze. Vijiko saba asubuhi, kisha mwendo mrefu juani. Nilifika ulimi umekauka. Nikamwamkia Mzee Gona shikamoo, akaitikia vizuri, akanipa kikombe cha maji. Nikaomba cha pili. Alipotoka kwenda kulitazama gari lililokuja kuchukua makaa yake, nikabaki peke yangu na mtungi nyuma ya mlango. Nilikunywa. Nikanawa uso. Nikanawa na miguu, kwa heshima ya nyumba.

Mama Kahaso akaja kusonga ugali, akautikisa mtungi. Mtupu! Alikuwa ametoka alfajiri kuyafuata yale maji. Mzee aliporudi nikawaeleza kuhusu kreatini, kwa kirefu.

Nikaona bora niwaonyeshe. Nikalikumbatia gunia la makaa, likafika magotini, tumbo likakataa. Nilikimbilia chooni. Huko nako hakuna maji.

Niliporudi, Dena alikuwa ameshafika na baiskeli na mitungi miwili. Kasema alisikia kuna mgeni. Mwembamba kuliko mimi! Ugali ukapikwa kwa maji yake. Nilikula, nikaona haya. Kahaso hakuniangalia hata mara moja.

Jumapili, 9 Februari

Kahaso hapokei simu. Nimejaribu mpaka chaji imeisha. Nampenda yule msichana, na nikimkosa sijui nitafanya nini. Naandika hivi kwa sababu hakuna anayesoma.

Nimefikiria sana kosa lilikuwa wapi. Lile gunia lilikuwa na mawe. Dena anahusika.

Jumanne, 11 Februari

Kahaso amepiga! Kasema baba yake hana shida na gunia, hatafuti hamali. Kilichomuudhi ni mimi kumaliza maji ya mkewe bila kuuliza. Alishataka kusema hapana. Ila mama mtu ameniombea: nirudi Jumamosi, nifuatane naye kuchota maji, kwenda na kurudi. Baada ya hapo mazungumzo ya posa yataendelea. Kasema mama yake hajawahi kumwombea mtu mwingine namna hiyo, na kwamba nafasi ya tatu haitakuwapo. Akaniuliza mara mbili kama nimeelewa.

Nimeelewa vizuri sana. Wanataka kunipima nguvu upya, safari hii kwa mitungi! Nilikaribia kulia kwa furaha. Mama mkwe yuko upande wangu.

Kuanzia kesho, vijiko kumi. Nimemtumia Kahaso ujumbe aniwekee mtungi mmoja umejaa kabisa, niunywe kabla hatujaondoka.