Ombi la Kibali cha Kutoa Moshi Kidogo

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kubainisha Uwekezaji wa Kijani.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kiyoyozi kikifanya kazi.

Mimi ni mshona viatu vya matairi hapa sokoni, mkabala na choo cha kulipia. Niliingia mji huu kwa miguu miaka thelathini na moja iliyopita, nimevaa jozi niliyoikata mwenyewe. Soli zake ninazo hadi leo. Sasa naambiwa kibanda changu kitaondolewa mwisho wa mwezi kumpisha mwekezaji wa kijani, kwa kuwa mimi si wa kijani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwekezaji huyo ni kampuni ya gesi. Hapa inapataka pawe maegesho ya magari yake.

2. Mkaguzi wako, kijana mwenye adabu zake, alikuja na kipima moshi. Alikipitisha mpaka chini ya kigoda changu, kikasoma sifuri. Akasikitika: "Mzee wangu, cheti anapewa anayepunguza moshi. Wewe huna. Sasa utapunguza nini?" Kampuni ya gesi inao tele, na imeahidi kuupunguza kwa theluthi ifikapo mwaka ambao mimi na wewe tutakuwa marehemu.

3. Nilimwonyesha rundo la matairi niliyoyaokota mitaroni. Akaandika: "Hana mpango."

4. Kwa hiyo naomba kibali cha kuchafua hewa kwa miezi mitatu. Nitaanza na tairi moja kwa siku, nipande taratibu hadi la lori. Nikifikia kiwango cha kuheshimika nitaacha, nanyi mtanipongeza.

5. Kama haitoshi, nitakodi jenereta lingurume bila kazi yoyote.

Mke wangu anasema uzee umenipanda kichwani. Nimemweleza kwamba haya ni mambo ya kitaalamu.

Wasalimie wajumbe wote, wapishi wa chai na mlinzi wa getini. Mkaguzi mwambie kiatu chake cha kushoto kitakuwa tayari Ijumaa.

Wako mtiifu, asiye na moshi,
Mshona viatu, kibanda cha mwisho.

Tanbihi: Usisumbuke kujibu. Wakati natafuta stempu nilijaribu tairi moja, moto ukashika rundo zima. Mkaguzi alikuja mbio, akapima, akanipa mkono na cheti. Kibanda hakiondolewi tena. Moshi nimeacha kabisa, kama nilivyoahidi, maana tairi halikubaki hata moja. Kiatu chake nakimalizia kwa soli nilizokuja nazo.